Majibu Safi

Jumatatu, 4 Machi
Leo wamenipitishia mpira wenye kamera puani mpaka mapafuni. Sindano ya usingizi ilinishika nusunusu – nimekohoa hadi machozi! Wanalitafuta lile doa lililoonekana kwenye picha ya kifua, liko pembeni kabisa, chini kulia. Wamenyofoa kinyama kikapimwe. Mke wangu alinisubiri na chupa ya chai. Koo limekufa ganzi, nikaruhusiwa kuitazama tu.

Alhamisi, 7 Machi
Kazini. Mwanafunzi wangu wa udereva kagonga koni zote za kuegeshea, kisha akaniuliza kama amefaulu. Nimecheka, nikakohoa. Damu kwenye leso. Nimeitupa kabla ya kufika nyumbani.

Jumanne, 12 Machi
Majibu. Daktari kasema kinyama ni safi, hakina saratani. Mke wangu hakungoja nukta! Mbio nje, kuwapigia dada zake.

Nikabaki na daktari, macho yake mezani. Eti safi ni kile walichonyofoa. Doa lenyewe hawakulifikia. Njia za hewa zinagawanyika, kila tawi jembamba kuliko lililotangulia, na mpira wao ni mnene. Walinyofoa kando yake tu. Nafundisha udereva, naelewa – lori haliingii uchochoroni. Hospitali ya rufaa wana mpira mwembamba, unaoongozwa na ramani ya kompyuta. Foleni ndefu. Watapiga simu. Nikauliza, doa limekua? Limekua, kasema. Na akaniomba nisijipe matumaini makubwa.

Nje mke wangu akanikumbatia mbele za watu. Hajawahi! Ningesema nini? Nikasema tumshukuru Mungu. Mficha maradhi kilio humfichua, mama alituimbia hilo kila siku. Naogopa. Basi.

Jumamosi, 16 Machi
Nyumba imejaa. Shemeji mkubwa kaleta keki imeandikwa “Hongera Mapafu”. Wananitania, eti sasa nikimbie mbio ndefu. Mke wangu anaimba jikoni. Nilitaka kumwambia asubuhi – alikuwa anapiga pasi shati langu, nikashindwa.

Nimejifungia chooni na daftari hili. Nimechoka. Hata furaha yao inanichosha.

Simu yangu inaita sebuleni. Nimeisahau mezani!

Binti yangu anagonga mlango. Baba, hospitali ya rufaa hao! Usihangaike, mama kashapokea, kaweka sauti kubwa tusikie wote.

Walikuwa wanacheka. Hawacheki tena. Mke wangu anauliza, mpira gani mwembamba?