Nilipoulizwa Kama Nimevua

Kabondo, Kisangani

Kwako Yaya Feza, dada mkubwa uliyenipiga kofi kabla mama hajapata nafasi,

Nakusalimia kwa mikono miwili na kwa meno niliyobaki nayo. Goti lako linasemaje? Kama bado linalia ukipanda kilima cha soko, liambie kwamba huku kwa mdogo wako nayo magoti yamelia wiki hii, ila si kwa kilima. Bata wako wanataga? Na yule mlinzi wa kanisa bado anapita kwako kuomba maji ya kunywa kila jioni? Usinune. Mwanamke wa umri wako akipata mwenye kiu, amshukuru Mungu na mtungi.

Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikata. Nikitamka tu “mtoto”, wewe umeshaanza kulia na majirani wameshaleta viti. Barua haikatwi. Anakuletea binti wa jirani yetu anayekuja Kalemie kuolewa. Mtazame vizuri: tabia nzuri, meno mazuri, wali wake ndio wa kuuombea. Na wewe usiruke kwenda kusoma mwisho, nakujua. Nenda pole pole kama mimi nilivyokwenda.

Yaya, niliogopa. Bado naogopa. Sasa nakueleza.

Unaujua ugonjwa wangu, ule wa fimbo ya kuvulia. Kwetu ziwani tulivua ndakala, wale dagaa wetu, kwa nyavu ili tule, na hakuna aliyecheka. Huku nimekuwa mvuvi wa burudani. Asubuhi napanda toleka, yaani baiskeli ya kukodi, najipeleka mto Tshopo, nasimama juu ya jiwe langu na fimbo ya vipande na mashine yake ndogo ya kukunja uzi. Natupa, navuta. Natupa, navuta. Samaki mdogo namrudisha majini. Mkubwa pia namrudisha, akiwa na uso kama wa yule katekista aliyenifukuza darasani, maana nyama ya namna ile haiwezi kuwa tamu.

Mkwe wetu Georgine, mke wa Jeromu, kwao ni Yanonge. Baba yake mvuvi, babu yake mvuvi, labda na paka wao. Jambo hili linamchoma. Siku moja akaniambia, macho chini kwa heshima kama inavyompasa mke wa mtoto mbele ya baba mkwe:

“Papa bokilo, kwetu samaki tunamuvua juu tumule. Weye unamuvua, unamuangalia, unamurudisha. Ule ni samaki ao ni mugeni?”

Heshima ile, Yaya, ina pilipili ndani.

Lakini ugonjwa hauishii mtoni. Nina sanduku la bati, zamani la biskuti. Ndani nimekusanya ndoana za kila namna, nyingine nilizinunua, nyingine nilizizengea kwa wajane wa wavuvi kama mtu anayeposa. Nina manyoya ya kanga, vizibo vya chupa nilivyovichonga vikawa panzi, na mashine ya kukunja uzi isiyo na mkono ambayo haitavua kitu mpaka Yesu arudi, lakini siwezi kulala bila kuigusa. Jeromu akaniuliza, “Papa, hizi zote ni za nini? Si unavua na moja?” Nikamwambia, “Na wewe una viatu vingapi, na Mungu alikupa miguu mingapi?”

Ninavyovipenda kuliko vyote ni vijiko. Vijiko vya kweli vya kulia chakula. Kuna samaki wa huku anaitwa mbenga, meno yake kama ya mbwa, naye hupenda kitu kinachong’aa majini. Donc nachukua kijiko, nakata mkono, natoboa tundu huku na huku, nafunga uzi upande mmoja na upande wa pili ndoana ya vidole vitatu. Mbenga akikiona anasema huyu samaki mdogo ni wangu, kumbe ni kijiko. Na vijiko natoa wapi? Jikoni kwa Georgine. Ungetoa wapi wewe?

Bon, Georgine alianza kuuliza: “Kijiko yangu iko wapi?” Mimi kimya kama mtu anayesali. Neema, mjukuu wetu, yule bibi yangu mdogo asiyefika hata kiunoni mwangu, nikamfundisha kujibu. Mama akiuliza kijiko kiko wapi, mtoto anapaza sauti, “Mu tumbo ya mbenga!” Nami namtekenya tumbo, anaanguka kwa kicheko. Ukawa mchezo wetu wa kila siku. Baadaye maneno yakamchosha ulimi, akawa anasema “Mu tumbo!” tu, anainua gauni na kunionyesha kitovu.

Sasa unaanza kuona shida inatokea njia gani.

Jumanne nilikuwa kwenye mkeka napiga vijiko vyangu msasa, Neema pembeni anacheza na kifuniko cha sufuria. Jeromu alikuwa amekwenda na lori njia ya Bafwasende, na mpaka leo hajarudi. Matope yamewashika huko na simu yake haipiti. Nikasikia mtu wa toleka ananiita langoni: “Muzee! Mbenga wameonekana chini ya daraja!” Nikaenda kumuuliza ukubwa. Mtu akisema mbenga lazima umuulize ukubwa, na yeye lazima adanganye, na hayo yanachukua muda. Nikarudi. Neema yuko kando ya sanduku, mdomo unatafuna, mate yanamtoka.

Kijiko kidogo kuliko vyote hakikuwepo. Kile nilichokitengeneza kutoka kijiko cha dawa ya kikohozi, chenye mkia wa sufu nyekundu. Na ndoana yake.

Nikamfungua mdomo kwa kidole. Hakuna kitu. Nikamuuliza, na sauti haikuwa yangu, “Neema, kijiko iko wapi?”

“Mu tumbo!” Akainua gauni, akanionyesha kitovu. Akacheka, akangoja nimtekenye.

Yaya, hebu niambie, mtoto yule alikuwa anacheza au alikuwa anasema ukweli? Mimi ndiye niliyempa jibu lile. Hata angemeza kweli, angejibu hivyo hivyo. Nikamuuliza tena, polepole, kama jaji. “Mu tumbo.” Nikageuza mkeka, nikamwaga sanduku, nikatikisa gauni. Hakuna.

Georgine alikuwa uani anatwanga pondu, majani ya muhogo. Nilikwenda kumwambia, maana jambo kama hilo huwezi kukaa nalo. Mchi ukasimama hewani. Tangu niingie nyumba hii ananiita papa bokilo. Siku ile alinitazama usoni, macho kwa macho, akasema:

“We muzee! Umefanya nini na mutoto wangu?”

Majirani walikuja na majibu yao. Mmoja: “Mupe ndizi, inafunika ile chuma.” Mwingine: “Mafuta ya ngazi, ile mawese, itateleza!” Wa tatu alitaka tumshike miguu juu kichwa chini. Nikapiga kelele asimguse mtu. Maana mimi, Yaya, najua ndoana inafanya nini ndani ya tumbo. Nimefungua samaki wengi. Ndoana haishuki kama ndizi. Inashika. Ukiivuta inashika zaidi. Haya yote nilikuwa nayo kichwani wakati mjukuu wetu anapungia kuku mkono.

Tukapanda toleka mbili, Georgine na mtoto mbele, mimi nyuma. Yule wa toleka yangu hakujua habari, akawa ananisimulia mbenga wa chini ya daraja. Nilitamani kumsukuma mtaroni.

Hospitalini mashine ya kupiga picha ya ndani ya mwili ilikuwa inangoja umeme. Tukakaa kwenye benchi. Georgine alimvua Neema gauni, akamzungushia kikwembe, akampakata, akanigeuzia bega. Mtoto akawa anaimba. Kila akimeza mate, nami nameza. Aliposinzia nilifikiri amezimia, nikamgusa, akaamka akalia, na Georgine akasema bila kugeuka, “Muache.” Neno moja tu. Afadhali angenitukana, kutukanwa nimezoea kwako.

Mwishowe wakawasha jenereta. Fundi wa mashine ni kijana wa Bunia, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Alikuwa na haraka, mafuta ya jenereta yalikuwa machache. Akachungulia mlangoni, akaniuliza:

“Mzee, mmeshavua?”

Yaya, mimi tangu asubuhi kichwani nilikuwa na kitu kimoja. Nikasema moyoni, habari zimenitangulia, hata huku wanajua. Nikajibu kwa unyenyekevu, “Ndiyo, mwanangu. Ninavua. Kwa bahati mbaya ninavua.”

Akanitazama kidogo. Akasema, “Haya, mlete.”

Wakapiga picha. Tukangoja. Daktari, mama mmoja mwenye miwani, akaishika picha dirishani kwenye mwanga, akaacha kuongea na mwenzake. Nami nikaona. Ukungu mwingi, maana Neema alikuwa anarusha miguu, na katikati ya ukungu, pale pale tumboni, kitu cheupe kilichopinda.

“Ndiyo hii,” daktari akasema. “Tutatayarisha chumba cha kupasulia.”

Georgine hakulia. Alikaa chini, kwenye simenti, taratibu kama mtu anayetua ndoo ya maji. Mimi nikashika ukuta. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu huyu binti anayeleta barua anaweza kuifungua njiani.

Muuguzi akaja kumchukua mtoto. Akafungua kikwembe. Kikaptula cha ndani cha Neema mpira wake umelegea, na asubuhi mama yake alikuwa amekibana mbele kwa pini kubwa, ile ya kufungia nepi. Iko pale, tumboni, inang’aa.

Daktari akaitazama pini. Akatazama picha. Akamwita yule kijana. “Mtoto alivuliwa nguo zote?”

“Niliuliza, dokta! Niliuliza, ‘mmeshavua?’ Huyu mzee akasema ndiyo, anavua!”

Watu wote wakanigeukia.

“Mwanangu,” nikasema, “mimi nilifikiri unaniuliza samaki.”

Muuguzi alitoka nje, nikasikia anacheka ukutani huko. Daktari akavua miwani (hata yeye alivua), akaifuta sana kuliko ilivyokuwa chafu. Georgine hakucheka. Alifungua pini, akaishika ndani ya ngumi, akasema, “Mupige tena. Mbio.” Jenereta lilikuwa limeanza kukohoa. Wakapiga ya pili, mtoto uchi kama alivyozaliwa, na mimi wakanitoa nje nisije nikajibu swali lingine.

Tumbo halina chuma. Daktari alituonyesha kwa kidole, kila kona. Hakuna kijiko, hakuna ndoana. Hewa tu na chakula cha jana. Hapo ndipo magoti yangu yalipolia, Yaya, yakanikalisha pale pale alipokuwa amekaa Georgine.

Ungefikiri mambo yameisha. Lakini kama kijiko hakiko tumboni, kiko wapi? Kiko ndani ya nyumba hii, na vidole vyake vitatu, kinangoja. Tumefagia. Tumepiga magodoro. Tumemwaga gunia la mchele punje kwa punje. Georgine akamshuku jogoo, maana alionekana karibu na mlango siku ile, akachinjwa. Ndani: mchanga na mahindi. Alikufa bila hatia, lakini alikuwa na mafuta. Kila mtu anakaa kwa kupapasa kwanza. Neema haruhusiwi kushuka mgongoni mwa mama yake. Analia anataka kunijia, na mama yake anamfunga kikwembe tena. Sanduku langu liko juu ya kabati, ufunguo anao Georgine. Nilimpa mwenyewe. Mtoni sijaenda. Na hanitukani wala haniiti. Chakula anakiweka mezani, anaondoka. Jeromu akitoka kwenye matope yake nitamweleza kwa mdomo wangu, kabla ya majirani.

Nisalimie mjane wa kaka yetu, mwambie sabuni yake bado inanukia kwenye shati langu. Nisalimie mtoto wa mdogo wetu, yule mwalimu, asisahihishe barua hii kwa kalamu nyekundu. Nisalimie mama mkwe wangu, kama bado anakataa kufa. Na mwenye kiu wako wa kila jioni, nisalimie naye.

Ningefunga hapa, lakini leo asubuhi kimetokea kitu kidogo. Tangu Jumatano naamka kabla ya watu wa nyumba, natembea sebuleni miguu mitupu. Nakokota nyayo sakafuni, ukuta mpaka ukuta, chini ya viti, pembeni mwa mlango, ili kama kijiko kipo, kinipate mimi kwanza kabla hakijampata mwenye mguu mdogo. Ngozi ya miguu yangu ni nene, na hata kikinichoma, mimi na ndoana tunafahamiana.

Leo Georgine alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni amelala. Sijui alikuwa pale tangu lini. Akanitazama miguu.

“Papa bokilo,” akasema, “kandambili yako iko wapi?”

“Nimevua,” nikamwambia.

Hakucheka. Akamlaza mtoto juu ya meza katikati ya mito miwili. Akavua na yeye. Akaanza upande wa dirisha, anakokota miguu kama mimi, na mimi nikaendelea upande wa mlango, tukija kukutana.

Ni mimi mdogo wako mwenye miguu mitupu,

Pio