Debe la Kuonja

Marahaba, mjukuu wangu Namsifu. Babu yako hajambo, na ng'ombe amezaa. Mimi tangu nisome barua yako situlii. Nachambua maharage, nayaacha, nasimama tena.

Unauliza kama uwachoree nembo wale wenye hoteli, wakati wameomba wachoraji wengi wachore kwanza na watamlipa mmoja tu. Tena wanakutisha kwamba mtandaoni zipo za bei ya soda. Zipo kweli: nembo ya jani, ile ile moja, nimeiona mjini Same kwenye duka la dawa na kwenye bucha.

Nilipokuwa msichana, mnunuzi alipanda huku milimani na lori. Kila nyumba aliomba debe moja la tangawizi, eti akaonje kwanza. Majirani wakampa. Lori likajaa, likashuka, halikurudi. Mama yangu peke yake alimkatia kipande mlangoni.

"Onja hapa hapa," alimwambia. "Kuonja ni kwa ulimi, si kwa debe."

Hakuuza siku ile, sikudanganyi. Wakamwita mchoyo.

Wewe una kazi ulizokwisha kuchora. Si waonje hizo? Au niambie, mjukuu wangu, ulimi wa hao watu una ukubwa gani?

Bibi yako