Tisini na Tano

Jumamosi, 7 Juni
Nimepanda mizani ya depo, ghala ambamo mume wangu hununua karanga. Mia na sita. Jumamosi iliyopita ilikuwa mia na saba. Mume wangu alisogeza chuma kwenye mkono wa mizani, akasoma, akaandika kwa chaki ukutani, akarudi kwenye magunia yake ya karanga. Hakunipongeza. Wapakiaji ndio walioongea: "Mama Mwalimu, tukupakie kwa boti ya Kalemie?" Wajinga.

Baada ya Pasaka, mizani ya hospitali ilisoma mia na kumi na nane. Majuma mawili baadaye, hapa depo, mia na tisa. Nilicheza palepale mbele ya wapakiaji. Tangu hapo ni kilo moja moja, kwa jasho.

Lengo ni tisini na tano. Nina ngiri tumboni, pale nilipopasuliwa kumzaa Faida. Kidonda kilipona juu, ndani kikaachia siku ile tuliyokimbia, mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Nikikohoa, kitu kinatoka, kikubwa kama limau. Daktari anasema utumbo ukinasa humo naweza kufa kwa siku mbili. Anasema pia hawezi kupasua mafuta yote haya: pumzi itanishinda na nyuzi zitakatika. Atarudi Septemba na boti ya Uvira.

Jedwali lake lilitaka sitini na nane. Sitini na nane! Nilikuwa nayo kabla ya kuolewa, tena nilikuwa nimetoka kuugua. Tulibishana mpaka tukafika tisini na tano. Namba hiyo nimeikubali mwenyewe. Nitaifikia.

Jumanne, 10 Juni
Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari mmoja amenizunguka mara mbili. "Huyu mama anakulaka wapi?" Mwaka wa tano wa vita, na kila mwenye bunduki anadhani mwili wangu ni ghala. Nilikaa kambini Tanzania miaka miwili. Nilikula mahindi ya njano kama wengine. Nilirudi mnene. Mama yangu alikuwa mnene. Basi.

Ugali wa fufu ngumi moja. Sombe ya majani ya muhogo bila mawese. Sombe bila mawese ni chakula cha mbuzi.

Jumapili, 22 Juni
Kwaya. Mwenzangu wa sauti ya pili amekataa kunywa maji kwenye kikombe changu. Halafu nikamsikia nje: "Ameisha kabisa. Iko na ile ugonjwa." Juzi nilikuwa ghala la waasi, leo nina ukimwi. Waamue moja.

Jumapili, 6 Julai
Mamakwe alipika. Kuku, fufu mlima mzima, mawese yanaelea. Nilikula kidogo nikasukuma sahani. Nilisahau niko wapi. Huku kwetu, ukisukuma sahani ya mtu umemwambia mbele ya wote kwamba ametia sumu.

Akasimama. "Unakatala fufu yangu juu ya nini? Mi niko mulozi?" Nikamwambia simwiti mchawi, nikamweleza habari za daktari. Hakusikia. Wageni wote waliacha kula. Mume wangu alikuwa pale, mdomo umejaa, akiendelea kutafuna. Neno moja tu lake lingetosha.

Nilivuta sahani, nikala yote. Yote! Nilikula kwa hasira mpaka ngiri ikauma. Mamakwe bado anasema nilikula kwa kulazimishwa. Ni kweli.

Alhamisi, 17 Julai. Swima
Jana asubuhi risasi upande wa mlima. Mji mzima ukashika njia ya ziwani. Nilifunga tumbo kwa vitenge viwili nikatembea. Faida alibeba mkeka. Nilisimama mara nyingi kushika lile limau na kulirudisha ndani kwa mkono. Mara moja lilikataa. Nililala kwenye mchanga, watu wakinipita, wengine wakiniruka, mpaka likarudi. Niliogopa sana. Kisha nikakasirika kwamba nimeogopa.

Ndugu zetu hapa Swima wametupatia ndagala, dagaa wa ziwani, na wamenionea huruma kwa kukonda.

Jumamosi, 9 Agosti
Tumerudi Baraka, mjini kwetu. Nyumba imevunjwa mlango, viti vimekwenda. Depo imeibiwa magunia, lakini mizani ipo. Nani abebe chuma kile?

Tisini na nane.

Jumamosi, 30 Agosti
Tisini na tano! Nilimwambia mume wangu asome tena. Akasoma tena, akiangalia chini. Wapakiaji walipiga makofi. Nimelia kidogo. Yeye alisema ana kazi.

Jumatatu, 8 Septemba
Mia na mbili.

Nilishuka kwenye mizani ya hospitali, nikapanda tena. Nilivua viatu. Nilivua kitambaa cha kichwa, kana kwamba kitambaa kina kilo saba. Mia na mbili. Nilimwambia daktari kwamba depo ilisoma tisini na tano, akaniuliza kama nimekula sana njiani. Nilitaka kumpiga. Nilimwambia mizani yake imeharibika. Nesi, mama mtu mzima, akaenda akaleta dumu la maji la lita ishirini, akalipima. Ishirini na moja, pamoja na dumu. Mizani yao ni nzima.

Daktari anaondoka Ijumaa. Amesema atafikiri. Njia ikifungwa tena sijui kama atarudi.

Jumanne, 9 Septemba
Nimekwenda depo peke yangu, mume wangu akiwa bado anakunywa chai. Nimepindua kile chuma cha kusogeza. Chini yake kipande cha chuma kingine, kimefungwa kwa waya, kimepakwa rangi ileile nyeusi. Kwa uzito huo wa ziada, gunia la kilo mia linasoma tisini na tatu.

Alikuja akanikuta nimekishika. Hakukana. Amesema kila mnunuzi anafanya hivyo. Nikamuuliza: na mimi? Kila Jumamosi tangu Pasaka, nikipanda na njaa yangu, nikicheza mbele ya wapakiaji? Akasema aliona aibu kuniambia. Halafu akasema lingine, polepole: dada yake alikufa mezani kwa daktari, naye hakutaka nipasuliwe, alitumaini nitachoka na njaa kabla ya Septemba.

Mjinga! Ningekufa kwenye mchanga wa njia ya Swima, si mezani. Nimemwambia hivyo, kwa sauti, na wapakiaji wakasikia.

Lakini linalonichoma zaidi ni hili. Tangu shule yangu ifungwe, mimi ndiye ninayewasomea wamama kilo zao siku za soko. Wanashuka kutoka Fizi na karanga kichwani. Wakinung'unika kwamba nyumbani mzigo ulikuwa mkubwa, mimi nawajibu, kwa ule mdomo wangu wa mwalimu: "Mama, mizani haidanganyi." Nimesema hivyo mara ngapi? Waliniamini kwa sababu niliwafundisha watoto wao kuhesabu.

Jumatano, 10 Septemba
Daktari amenilaza chali bila mto, akakaa na saa yake. Nilipumua. Amenipandisha ngazi za ghala la dawa, juu, chini, juu. Nilipumua. Nilimwambia kuhusu chuma. Hakucheka, nashukuru. Alisema kilo kumi na sita zimetoka kweli, na zimetoka vitani, na tisini na tano tuliikisia tu, yeye na mimi. Nesi akasema kwa ukali: "Docteur, huyu mama atangoja nini tena?"

Kesho.

Mume lazima atie sahihi. Sheria yao. Nilimtuma Faida amwite. Alikuja, akaandika jina lake lote kama mtoto wa darasa la kwanza. Sikumwambia asante.

Jumapili, 14 Septemba
Hospitali. Nyuzi zinavuta. Homa hakuna. Mchana kuna upepo wa ziwa dirishani na ninalala sana.

Mume wangu anakuja kila siku na uji. Leo amesema ametoa kile chuma. Jana, siku ya soko, wamama walishangaa karanga zao kuwa nzito, wakamuuliza. Aliwajibu nini? "Nilibaambia balansi ilikuwa mgonjwa, sasa imepona."

Nilicheka. Kucheka kunaumiza vibaya, nikashika tumbo kwa mikono miwili, nikakasirika upya. Nimemwambia soko lijalo awaambie neno lenyewe, kwamba aliwapunja, kwa mdomo wake, mimi nikiwa nimekaa pale kwenye kiti. Amefunika sufuria ya uji. Kisha akauliza kiti gani, vyote viliibiwa.

Nimemwambia atafute.