Mfano wa Jaruba

Zahanati, Usangu
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Kamwene. Baridi ya huko inakuachaje? Kifua na miguu, vinaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho imechoka. Nimempa barua hii mama mchungaji anayekuja Iringa, wifi akusomee kwa sauti na kaka akiwepo. Ni habari ya vidonge vyako vya presha. Kwenye simu kila nikikuuliza unasema, "Nipo mzima, umekula?" Basi leo huwezi kunikatiza.

Nimekula, mama. Wali tena. Bado napika wa watu watatu kama tupo nyumbani, nakula peke yangu mpaka kesho yake mchana. Watu wa huku ni wema, lakini wakishachukua dawa wanarudi kwao, nami nabaki na ukuta.

Kuna mkulima wa mpunga anaitwa mzee Luhende, Msukuma, familia yake ilihamia huku na ng'ombe zamani. Alikuja na presha kubwa. Nikamweleza kwa mfano: damu ni maji ndani ya jaruba la mpunga, yakizidi yanabomoa kingo, vidonge ni kama kufungua njia ya kutolea maji, yapungue. Wagonjwa wote kwenye benchi wakaitikia kwa vichwa. Nilijiona mwalimu kweli kweli!

Presha ikashuka. Halafu hakuonekana tena, mpaka Jumanne mke wake alipomleta kwenye bodaboda, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea kama kitambaa. Nikamuuliza mama yule kama vidonge viliisha.

"Viko nyumbani, nesi. Maji ilishuka, akafunga. Alisema akiendelea kutoa, jaruba itakauka, damu itaisha mwilini. Si wewe ulimfundisha?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Mkulima gani wa mpunga anaacha maji yaendelee kutoka wakati jaruba limekaa sawa? Hakuna. Mimi mtoto wa mahindi ya mlimani, ninayejua mvua tu, nilikwenda kumfundisha mwenye maji habari za maji. Tulimpeleka hospitali. Yupo hai, lakini jembe hatashika msimu huu. Mganga mfawidhi wa zahanati yetu ameniambia nisijilaumu. Nimejilaumu, na nimelia, na sikuwa na mtu wa kumlilia.

Jana nikifua sare nikakukumbuka, nikaiacha kwenye beseni. Nilipokuja likizo nilikuambia presha ni chungu kinachofoka, na vidonge ni kupunguza kuni. Wiki iliyopita ukaniambia kwenye simu, "Chungu kimetulia mwanangu, kuni nimeshatoa." Nami nikacheka!

Mama, umeacha vidonge?

Sikugombezi, kosa ni langu. Wewe si chungu. Presha ikishuka ni kwa sababu unameza. Ukiacha itapanda tena, na haipigi hodi. Ukishasomewa barua hii, kesho yake asubuhi kaka akupeleke ukapimwe, uwaambie ukweli wa siku ulizoacha.

Msalimie kaka, wifi na wajukuu zako, shangazi wa Tosamaganga, na jirani yetu mwenye nyuki. Wifi, ukimaliza kusoma hapa usikunje karatasi kwanza. Muulize mama, mtazame usoni akijibu, kisha unipigie. Nimekaa na simu mkononi.

Mwanao akupendaye,
Semeni