Nilimwambia Sista Seti Ilikuwa Safi

Shangazi yangu, shikamoo. Hunijui, ila mimi nakusoma gazetini kila Jumatano wakati wa chai, na wenzangu hucheka kwa jinsi unavyowapasha watu, nami hucheka nao, sasa leo zamu yangu imefika, nakuomba unisaidie kabla sijarukwa na akili, na ukitaka kunipasha nipashe tu, nimestahili.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nafanya kazi hospitalini, kwenye chumba cha kutakasa vifaa vya upasuaji. Kazi hii watu hawaijui, acha nieleze kidogo. Vifaa vikitoka kwa wapasuaji, mikasi, visu, koleo, tunaviosha, tunavikausha, tunavifunga kwenye kitambaa cha kijani, tunabandika tepu, kisha vinaingia kwenye mashine ya mvuke. Ile tepu ina mistari myeupe, ikipata joto mistari inageuka kuwa myeusi, na muuguzi kule chumba cha upasuaji akiiona myeusi anajua kifurushi kimetakaswa, anakifungua. Hana njia nyingine ya kujua, anaiamini tepu basi.

Sasa Shangazi, tepu huisha, na stoo tunaandika barua tunaambiwa subirini, na wagonjwa hawasubiri, basi mle ndani tukajifunza ujanja, sijui nani alianza, nadhani ni mimi, tunabandua zile tepu zilizokwisha kuwa nyeusi kwenye vifurushi vilivyotumika, tunazipaka gundi kidogo, tunazibandika kwenye vifurushi vipya. Tulijiambia hakuna ubaya, maana vifurushi vinaingia kwenye mashine vilevile. Tulikuwa tunataniana, hata wakanibandika jina la Mama Gundi.

Siku hiyo ilikuwa saa nne asubuhi, mashine inavuja mvuke mlangoni kwa sababu mpira wake umechoka, mshale wa joto haufiki pale unapotakiwa, nikaizima, nikaiwasha tena, na katikati ya hangaiko hilo wakapiga simu kwamba kuna mama mjamzito anapasuliwa kwa dharura, mtoto amechoka tumboni, na seti ya vifaa iliyobaki ni ile moja iliyomo ndani ya mashine. Nikafungua. Kifurushi kilikuwa na uvuguvugu tu, lakini mistari ilikuwa myeusi, kwa kuwa ilikuwa myeusi tangu wiki iliyotangulia. Nikakishika mikononi nikasema, "Yesu, takasa Wewe," nikakipitisha kwenye dirisha la chumba cha upasuaji.

Mtoto alitoka hai. Mama yake alikufa siku ya sita, tumbo limeoza kwa ndani. Nilimwona mumewe koridoni, kambeba mtoto mkono mmoja na mkono mwingine mfuko wa nguo za mkewe, anamuuliza kila anayepita mlango wa kutokea uko wapi.

Lawama imemwangukia Sista, yule muuguzi aliyekifungua kifurushi. Sisi tunamwita Sista Glavu kwa jinsi alivyo mkali wa usafi, ndiye aliyenitafutia hii kazi wakati sina mbele wala nyuma, na ndiye aliyenifundisha kufunga kifurushi cha kwanza. Wamemsimamisha, wanasema yeye ndiye aliyechafua vifaa, na huenda wakamnyang'anya leseni. Wiki mbili zilizopita alikuja kwangu, akakaa kitandani maana viti vilikuwa vimejaa nguo, akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, niambie kweli. Ile seti ilikuwa safi?" Nikamjibu, "Ilikuwa safi, dada." Akainama akasema, "Basi ni mimi. Ni mikono yangu hii." Tangu siku hiyo nasikia hali chakula, haendi kanisani, na dada yake anasema ananawa mikono mpaka ngozi imechubuka.

Kamati ya uchunguzi inakaa Alhamisi wiki ijayo. Msimamizi wangu ameshaniandikia maelezo kwa kompyuta, kwamba mashine ilifanya kazi kwa joto na muda uliotakiwa, mimi kazi yangu ni kutia sahihi, na akaniambia, "Ukiharibu, tunaharibikiwa wote." Mume wangu hana kazi tangu alipoanguka kwenye ujenzi, mgongo umekataa, nilipomweleza akasema, "Aliyekufa harudi. Huo uaminifu wako utawalisha hawa?" Mchungaji nilimwambia nimekosea kazini, akaniombea vizuri, akasema Mungu amekwisha kusamehe, usitazame nyuma. Nikatoka pale nimefurahi, furaha ikaishia getini. Shangazi, kanisani mimi ndiye ninayeosha vikombe vya Meza ya Bwana, walinichagua kwa sababu wanajua kazi yangu, na sasa ni mara ya tatu kikombe kikinifikia najifanya nakohoa, nakipitisha kwa jirani.

Tumefundishwa tangu utoto kwamba kuwa mwaminifu kwa Mungu ndiyo njia ya uzima, lakini mimi naona kaburi pande zote, nikisema nafukuzwa na pengine nafungwa na wanangu wanalala njaa, nisiposema siwezi hata kumeza mate. Je, ni njia ya uzima kweli, au ni maneno ya watu wenye akiba? Nimefikiria nisidanganye ila pia nisiseme, hiyo Alhamisi niombe ruhusa ya ugonjwa, ile karatasi nisiitie sahihi, na Sista Mungu atamtetea. Hiyo si dhambi kubwa, au? Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha, usiichapishe. Samahani kwa mwandiko, naandika kwa kujificha hapahapa kwenye meza ya kazi, na gundi imemwagikia karatasi kidogo, maana tepu mpya bado haijaletwa.

Ni mimi,
Mama Gundi

*

Mama Gundi, marahaba.

Nimesoma barua yako mpaka mwisho, nikavua miwani. Tepu mpya bado haijaletwa! Hivi mwanangu, mtu amezikwa, mwenzako anajichubua ngozi, nawe unaniuliza habari za njia ya uzima huku chupa ya gundi iko kwenye kiwiko chako? Sikungoja gazeti. Ijumaa nilipiga ile namba, ukapokea mara ya tatu, nikakuambia toa kila kifurushi rafuni, kamwambie daktari wa upasuaji kwamba havifai. Ukasema, "Nimeshatoa, Shangazi." Nikakuuliza ni hospitali gani, ukakata simu. Ningependa sana kukuamini. Lakini Sista naye alikuuliza kwa upole, nawe ukamjibu bila kigugumizi.

Nakuonea huruma, usidhani mimi ni jiwe. Stoo iliyolala si kosa lako, na mpira wa mlango si kosa lako. Na asubuhi ile, kama ungengoja mashine ishike joto, pengine wangekufa wote wawili, mama na mtoto. Ungeweza kupiga kelele dirishani, "Hii haijatakaswa!" wakaamua wao wenye taaluma, wakampa dawa kali mapema, wakamwangalia kwa jicho lingine. Hilo ndilo ulilowanyima. Ukamtwika Yesu kazi ya mashine, kisha ukanyamaza siku sita nzima mgonjwa akiwaka homa. Siku sita, mama! Kila siku kati ya hizo kulikuwa na nafasi ya kusema.

Sasa swali lako. Anayekuambia kwamba ukisema kweli kamati itakupigia makofi, au Mungu atakuletea kazi nzuri zaidi mwezi ujao, anakudanganya. Bwana wetu mwenyewe alikuwa mwaminifu, na tunajua walimfanya nini. Hakuna mahali alipoahidi kwamba anayemfuata hatafukuzwa kazi. Uzima aliousema ni kuwa wake, leo na baada ya kaburi, uweze kusimama mbele zake bila kujificha nyuma ya kitu. Wewe mshahara unao, lakini kula huwezi, kusali huwezi, rafiki yako kumtazama huwezi. Kama huko ndiko kuishi, mbona umeniandikia?

Na huo ujanja wa kuugua Alhamisi uutupe. Eti Mungu atamtetea Sista. Amtetee kwa kinywa cha nani? Aliyekuwa mle chumbani na ile mashine ni wewe peke yako. Ukijifunika blanketi siku hiyo, umedanganya vilevile, ila umedanganya ukiwa umelala.

Mchungaji usimsingizie. Ulimpa nusu ya habari, akakupa sala ya nusu hiyo. Rudi umweleze yote, akose usingizi kama ninavyokosa mimi, kisha mwambie awe karibu na nyumba yako, maana mtahitaji watu. Mumeo naye usimgombeze. Ana mgongo mbovu na ana hofu, na hofu huropoka. Ni kweli aliyekufa harudi. Mwambie unayemwendea ni Sista, aliye hai.

Anza naye huyo. Nenda kwa Sista leo, si baada ya kamati. Asije akasikia mbele ya watu kwamba alibebeshwa mauti ya mtu na yule aliyemfundisha kazi mwenyewe. Usiende na maandiko, usiende na machozi ya kumfanya akubembeleze wewe. Mwambie, "Dada, seti haikuwa safi, nilijua, na nilikudanganya." Halafu kaa kimya. Akikupiga kofi, pokea. Akikufukuza, ondoka. Msamaha usiudai, ni mali yake, atautoa siku anayotaka, au hatautoa.

Kuhusu ile karatasi ya msimamizi, nisikilize vizuri, maana mimi kabla ya safu hii nilikaa mahakamani miaka ishirini na miwili nikiandika maneno ya mashahidi. Nimewaona waliokula kiapo wakasema uongo na wakashinda kesi, wakatoka nje wanacheka, na wengine wao nilikuja kukutana nao miaka baadaye, bado wanajieleza kwa mtu ambaye hakuwauliza. Usitie sahihi maneno ambayo hukuyasema. Chukua karatasi tupu, andika kwa mkono wako: tarehe, saa, mshale ulifika wapi, tepu mliitoa wapi, nani alipiga simu, ulimpa nani kifurushi. Anza na kosa lako. La stoo na la mpira yaandike pia, yote, na zile barua mlizowaandikia uziambatanishe, lakini yaje baada ya lako. Toa nakala mbili. Moja mpe kamati, moja mwachie mchungaji. Mtafute na wakili wa msaada wa kisheria kabla hujaingia, kusema kweli si lazima uingie peke yako kama kondoo.

Na mume wa marehemu, kama atataka kukuona siku moja, nenda. Asipotaka, usimfuate.

Jambo la mwisho nimelibakisha makusudi, maana ningelianza nalo usingesoma mengine. Jumatatu asubuhi niliichukua bahasha yako nikaipeleka kwa wakaguzi wa afya, pamoja na barua. Ndiyo, mimi, Shangazi yako. Siri za watu nimezitunza miaka mingi na nitazidi kuzitunza, lakini hii si siri yako peke yako, kuna wanaolazwa kwenye ile meza kila siku na hakuna aliyewaomba ruhusa. Unichukie ukitaka. Wamenihakikishia kwamba wameshajua namba ni ya nani, na kesho kabla ya kamati kukaa watakuwa mlangoni kwenu.

Kwa hiyo kweli itajulikana, uwepo usiwepo. Kilichobaki ni wewe tu. Wakifika kesho wakakuta umeshasema, watakuwa wamemkuta mtu aliyemchagua Mungu wake akijua gharama. Wakifika wakakuta bado, watakuwa wamemkamata mhalifu, na kukamatwa si kutubu. Mimi siwezi kukuchagulia, na Mungu naye hakulazimishi.

Gazeti hili unalisoma wakati wa chai. Weka kikombe chini, vua hilo koti la kazi, uende kwa Sista sasa hivi.