Dishi Lisiguswe

Wanangu,

Fundi akija saa nne, ~~mwambieni aling'oe dishi~~ mrudisheni. Dishi lisiguswe.

Najua kebo ya runinga haifiki mtaa huu, na tulikubaliana tuache dishi tuhamie intaneti. Lakini asubuhi nimemkuta babu yenu amekaa mbele ya runinga iliyozimwa. Nikamuuliza, "Baba, mbona huangalii taarifa?" Akasema, "Najizoesha, mwanangu. Hizo zenu za kubonyezabonyeza sitaziweza."

Chai imenishinda. Nimetoka mlangoni mara mbili nikarudi kuandika hii.

Juzi aliposhika rimoti kichwa chini miguu juu mlimcheka. Nami nilicheka.

Maharage yako kwenye friji, yapasheni. Babu apakuliwe kwanza.

Nikirudi kutoka kazini nitamwomba radhi. Nyinyi msinisubiri, mwombeni mapema.

Mama