Betri Niliyoikata kwa Mkasi

Kikwe, Arusha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, Alhamdulillahi, ila baridi ya huku inanivalisha soksi mbili mbili. Magoti yako yanaendeleaje? Na ufuta mmeshamaliza kukung'uta, au bado unashinda shambani? Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu huwa unaanza kulia kabla sijamaliza, na habari hii nataka uisikie mpaka mwisho. Mdogo wangu Zuhura akusomee polepole, asiruke mahali.

Mama, tumefaulu.

Mwaka jana betri iliponilipukia mkononi hapa maabara, uliniambia nirudi Nachingwea, na Mjomba Issa akanitafutia nafasi ya kufundisha sayansi shule ya kata. Nilikuomba univumilie mpaka baridi ya mwaka huu iishe. Nikishindwa, nifunge mizigo. Sikukueleza vizuri nilichokuwa naking'ang'ania. Ndani ya betri za simu mna kimiminika kinachosafirisha chaji toka upande mmoja kwenda wa pili, na kimiminika hicho hushika moto kama petroli. Ndicho kilichoniunguza. Kiongozi wetu, Dokta Anaeli, mama wa Kimeru asiyependa maneno mengi, alitaka tukiondoe kabisa, na mahali pake tuweke utando mwembamba wa plastiki iliyochanganywa na chumvi ya lithiamu. Utando haumwagiki, wala haushiki moto upesi.

Shida ikawa baridi. Tukiupasha joto, betri inafanya kazi vizuri. Ikifika asubuhi ya Julai, ukungu umefunika Mlima Meru mpaka huku chini, plastiki inakakamaa na betri inakufa. Miezi mitano tulimimina, tukakausha, tukatupa. Mwenzetu mmoja, Lema, mwenye digrii mbili, akaanza kusema waziwazi kwamba utafiti huu ufungwe, na kwamba fundi wa maabara kama mimi kazi yake ni kuosha vyombo. Kuna siku nilirudi ninapopanga nikakunja nguo zangu zote. Mama Ndeshi, mwenye nyumba, alizikuta kitandani. Aliniletea bakuli la loshoro, chakula chao cha mahindi na maziwa ya mgando, akasubiri nimalize, ndipo akasema kwao mtu hahami na njaa. Nilicheka, nikazirudisha nguo kwenye kamba.

Kesho yake nilimwendea Dokta. Nilikuwa nimesoma kwamba ukitia vumbi laini sana la udongo ndani ya plastiki, nyuzi zake hazipati nafasi ya kulala pamoja na kukakamaa. Lema alisema tutapata utando wenye chengachenga. Dokta akanisogezea daftari.

"Jaribu," akasema. "Ila kila hatua uiandike kwa mkono wako."

Utando wa kwanza ulipasuka. Wa pili ulikuwa na mabonge. Nikasaga udongo upya, nikauchekecha, nikabadilisha kipimo mara kwa mara. Wa saba ukatoka laini, unaona mwanga ng'ambo. Tukautengenezea betri bapa, ndogo kuliko kiganja changu. Nikaiacha nje ukutani alfajiri mpaka ikawa baridi kama jiwe la mtoni, kisha Dokta akaiunganisha na taa. Ikawaka. Tulisimama pale tukiitazama kama watu wanaosubiri habari mbaya, nayo ikaendelea kuwaka. Wiki tatu tumeichaji na kuitumia kila siku, haijachoka.

Jana Dokta aliwaita wote. Akaiunganisha betri na taa, akanipa miwani, glavu na mkasi; betri ya kimiminika ukiikata inashika moto.

"Somoe, ikate wewe."

Niliushika mkasi, Mama. Ngozi ya kovu ilinivuta nilipofumba vidole. Nikakata pembe moja, taa ikabaki inawaka. Nikakata tena, safari hii nikapita karibu na katikati. Mwanga ulipungua, lakini haukuzimika. Hapakuwa na moshi wala harufu. Nikavua glavu, nikaweka juu ya betri kiganja kilekile kilichoungua, nikaikuta ya baridi. Lema ndiye aliyevuta kiti akanikalisha.

"Nilikukosea, dada," akasema, na wenzake wote wakisikia.

Betri hii bado ni ndogo, haiwezi kuendesha simu, na kazi iliyobaki ni ya miaka. Lakini jina langu limeandikwa kwenye ripoti, la pili baada ya la Dokta, naye anataka nibaki nisome digrii huku nikiendelea na utafiti. Nimemwambia siwezi kumjibu kabla sijakuuliza. Kwa hiyo naomba ruhusa yako, Mama. Siombi kwa kuogopa kurudi nyumbani. Naomba kwa sababu kazi hii sasa naijua, na mkono wangu umeacha kuikimbia.

Mjomba Issa mpe shikamoo yangu, umwambie namshukuru kwa kunihangaikia, na ile nafasi ampe mwalimu mwingine kama utakubali. Nisalimie Bibi mzaa baba, na shangazi Mwanaidi anayekushika mkono shambani, na wifi yangu aliyejifungua, ambusu mtoto kwa niaba yangu.

Ni mimi mwanao Somoe, ambaye tangu jana anatembea njiani akicheka peke yake.